Kivuli Kwenye Uso wa Marehemu

Jumatatu, 3 Juni

Nakata video ya kilio cha Baba Mukendi tangu asubuhi. Macho yanawasha. Nimefika mahali jeneza linaingia nyumbani kutoka mochari. Kazi hii naijua hata nikisinzia. Gari linasimama, wanawake wanaanza kulia, jeneza linapita mlangoni, linafunguliwa sebuleni, watu wanaaga. Halafu makaburi. Halafu beseni la maji langoni, kila anayerudi ananawa mikono. Familia za hapa Likasi zinataka vyote hivyo. Siku ya kumaliza kilio wanakaa pamoja, wanakula, wanaangalia. Asiyeonekana kwenye video ni kama hakuja, hata kama ndiye aliyechimba kaburi.

Baba Mukendi alikuwa karani wa kiwanda mpaka akastaafu. Mtu mpole. Moyo ulisimama akiwa anavaa viatu. Kilio kinamalizwa Jumapili. Mdogo wake, Mbuyi, yule anayenunua mawe ya shaba Kamatanda, ndiye aliyeniita kazini. Anataka kuiona video kabla ya wengine. Anapenda kuwa wa kwanza kwa kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Sebuleni siku ile umeme ulikuwa umekatika. Nilirekodi kwa mwanga wa dirisha. Picha laini, nzuri. Wa mwisho kuaga ni mjane, Mama Odia. Nje watoto wanapiga kelele, nitawatoa kwenye sauti. Picha inakuwa nyeupe kidogo, labda mtu alivuta pazia. Mama Odia anainama juu ya jeneza. Hapo hapo kivuli kinashuka.

Ukanda wa giza, unatetemeka. Unatoka kwenye paji la uso wa marehemu, unapita macho, unapita mdomo, unaishia kidevuni. Unakuja mwingine. Mama Odia anasimama, wanafunga jeneza, tunatoka.

Sikukikata. Kivuli hiki nakijua. Nimekiona kwenye vilio vingine, vile vya ndani ya nyumba. Kwenye arusi sijawahi kukiona hata mara moja. Sipendi kukisema kwa watu.

Jumanne, 4 Juni

Baridi. Vumbi la malori limeingia mpaka kwenye kibodi.

Niandike mara moja nimalize. Mara ya kwanza nilikiona kwa Mama.

Mama alikuwa anaumwa, na mdogo wangu Félix yuko Kanada, hakuweza kuja. Akatuma kamera hii kwa mtu aliyekuwa anarudi. Akasema, yaya (ndivyo tunavyomwita kaka au dada mkubwa), nirekodie Mama, nimwone. Nikamrekodi chumbani kwake, amelala, taa ya neon, ile ndefu ya mrija, imewaka juu ya ukuta. Anatazama mlango. Halafu kivuli kinashuka juu ya uso wake, polepole, na Mama anasogea. Anasogea upande wa ukuta, anaacha nafasi kitandani.

Baba alikuwa amekufa zamani. Alipokuwa hai, kila akiingia Mama alisogea. Hata kochi likiwa tupu lote, Mama alisogea.

Mama alifariki kesho yake. Nilipoiona ile video nililia sana, kisha nikatulia. Baba alikuja kumchukua. Hakwenda peke yake. Sikumwambia padri wala mtu mwingine. Félix aliuliza, ile giza ni nini, nikamwambia ni kamera. Nilimdanganya. Au nilidhani namdanganya.

Baada ya hapo kamera ikawa kazi yangu. Watu wananiita Mama Video. Na kivuli kikaendelea kuja vilioni, nami nikawa nakiona kama mtu unayemfahamu kwa sura.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya upumbavu.

Nilipeleka video kwa Mbuyi. Tukakaa sebuleni kwa marehemu, chini ya picha yake yenye utepe mweusi. Mbuyi akaangalia huku anachokonoa meno. Ilipofika mahali pa Mama Odia akaacha kuchokonoa. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Mama Odia mwenyewe alikuwa uani, anachambua majani ya lengalenga na wanawake wa kilio, hajui lolote.

Mbuyi akaniambia kwa sauti ndogo, na yeye sauti ndogo hana:

"Mama Video, ile kintu ni nini?"

Ningesema sijui, na kuishia hapo. Lakini mdomo wangu ukataka kuonekana unajua mambo.

"Hata minye sijue," nikamwambia. "Nilishaka kuiona mu bilio bingine."

"Bilio bingine. Juu ya bafu."

"Njo vile," nikakubali. Juu ya wafu, ndiyo.

Akatikisa kichwa taratibu. Aliponyanyuka nikaona usoni mwake kitu kama furaha. Mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Anamuinamia, kivuli inakuya," akasema. "Bibi yake njo alimulya yaya wangu."

Mke amemla mumewe. Kwa ulozi. Nikataka kusema hapana, si hivyo nilivyomaanisha. Nilimaanisha nini basi? Nilimaanisha baba yangu. Ningemwambiaje Mbuyi habari za baba yangu? Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa, 7 Juni

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Leo limekuja. Kile kipande kimeshazunguka kwenye simu za mtaa mzima. Muuza mikate alinionyesha asubuhi, hakujua ni mimi niliyekirekodi. Wamepunguza mwendo wa picha ili kivuli kionekane vizuri. Mtu mmoja akasema anaona vidole ndani yake. Nikaangalia. Na mimi nikaviona vidole. Nilichukia macho yangu.

Mchana Mama Odia akaja kwenye studio. Peke yake, kwa miguu, kitambaa cha mjane kichwani. Hakukaa. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri picha za pasipoti wakatoka nje kimya kimya.

"Mama, minye nilimuinamia tu," akasema. "Nilikuwa namwambia kwenda muzuri. Bananiambia siku ya Mungu niende kwetu Kasai, niache batoto. Kasai sijafikaka hata siku moja. Weye ulikuwa na ile machine ku macho. Uliona nini?"

Nikamwambia nitaangalia. Akasema asante, kwa heshima kabisa, kama mtu niliyemsaidia. Afadhali angenitukana.

Babu yake aliletwa huku kutoka Kasai kwa treni kufanya kazi ya migodi, kama wetu. Amezaliwa hapa, ameolewa hapa. Watoto wake watatu wanasoma hapa. Jumapili, mbele ya familia nzima, video yangu itawekwa kwenye televisheni, wote watatazama, kisha atatoka mlangoni kama mulozi. Watoto watabaki kwa Mbuyi. Nyumba pia, bila shaka.

Naogopa. Namwogopa Mbuyi kidogo. Naogopa zaidi kwamba labda ni kweli, kwamba kuna kitu kinakuja juu ya wafu na mimi ndiye ninayekirekodi. Kama ni Baba, je, alifuata nini kwenye jeneza la Mukendi? Hawakujuana.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi sikuweza kufanya kazi. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nje. Yalipoiva nikaleta sufuria ndani, nikaliweka mezani, na kwa hasira tu, bila kufikiri, nikawasha kamera nikalirekodi lile sufuria. Neon ya jikoni ilikuwa imewaka.

Kivuli kikashuka juu ya sufuria.

Nilikaa nikatazama. Ukanda ule ule. Unatetemeka, unashuka, unakuja mwingine. Kwenye kifuniko, kwenye mpini, kwenye meza. Nikazima neon, nikafungua dirisha. Kivuli hakuna. Nikawasha neon. Kipo. Maharage hayajafiwa na mtu. Nikaanza kucheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Nikampigia Félix. Kule kwao kulikuwa bado mapema, alijibu kwa sauti ya usingizi. Nikamweleza sufuria. Akauliza:

"Yaya, haukubadilishaka ile NTSC?"

Jina hilo nilikuwa nimeliona kwenye kamera. Nilijua ni mfumo wa televisheni za Amerika. Siku za mwanzo, diski zangu kwenye televisheni kubwa ya zamani ya jirani zilitoka bila rangi, nyeusi na nyeupe, watu wote kama marehemu. Fundi alisema ni mambo ya Amerika na ya huku. Jirani akanunua televisheni mpya, rangi zikatokea, nikasahau. Nilidhani ni jambo la rangi tu.

Si rangi tu. Félix ameeleza na nimeelewa, naandika nisije nikasahau. Taa ya neon haiwaki moja kwa moja, inazima na kuwaka haraka sana kwa kufuata mapigo ya umeme, jicho halioni. Kule kwao umeme unapiga mara sitini kwa sekunde, na televisheni yao ikatengenezwa ifuatane nao, picha thelathini kwa sekunde. Huku kwetu umeme unapiga mara hamsini, televisheni picha ishirini na tano. Kamera yangu inachukua picha kwa hesabu ya kule, taa zinawaka kwa hesabu ya huku. Hazitembei pamoja. Pale zinapopishana ndipo kinatokea kile kivuli.

Nikamuuliza, na arusi je? Akauliza arusini natumia taa gani. Hapo nikajijibu mwenyewe. Arusini nawasha taa yangu ya betri, ambayo haina habari na mapigo ya umeme. Kilioni siwashi. Kummulika marehemu usoni ni aibu, kila mtu hapa anajua. Kwa hiyo kilioni naachia neon ya nyumba ifanye kazi. Ndiyo sababu nilikiona kwa wafu peke yao.

Nikarudia video ya Mukendi, ile yenye sauti yote. Watoto wale niliotaka kuwakata. Nikasikiliza. Wanapiga kelele uani, "Courant inarudia." Umeme umerudi. Picha inakuwa nyeupe. Halikuwa pazia, ilikuwa neon. Na Mama Odia, maskini, ndiye aliyekuwa ameinama wakati huo.

Nikatafuta kwenye kamera mahali pa kubadilisha. Ipo, PAL, mfumo wa huku. Ikaniambia itafuta kila kitu kwenye kadi. Nilisita, ingawa video ya Mama nimeihifadhi kwingine. Nikatoa kadi, nikaweka tupu, nikabadilisha. Nikarekodi sufuria. Safi. Sufuria tu.

Nilifurahi. Kweli nilifurahi, nikasema Mama Odia amepona. Nikachota maharage nile.

Kijiko kikabaki mkononi. Chumba cha Mama. Neon juu ya ukuta.

Sikula.

Jioni

Naweza kunyamaza. Hakuna anayejua isipokuwa Félix, naye hajafikiria mbali hivyo. Nikinyamaza, Baba alikuja. Nikisema, Baba hakuja, na Mama alikufa akitazama mlango ambao hakuna aliyeingia.

Ni mawazo ya kishetani. Mwanamke ananyang'anywa watoto na mimi nakaa na kivuli changu. Najionea haya.

Lakini ndivyo nilivyokaa, mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 9 Juni

Nimechoka. Niandike kabla sijalala.

Nilifika baada ya misa. Nyumba imejaa. Umeme ulikuwa umekatika tena, televisheni imefunikwa kitambaa, wote wanasubiri urudi waitazame video. Mama Odia amekaa chini kwenye mkeka, karibu na mlango. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari pembeni yake. Mtoto wake wa mwisho ameushika mfuko kwa mikono miwili, hauachii.

Nilimwomba Mbuyi nafasi ya kusema. Akaniambia kazi yangu ni kurekodi. Vema. Nikatoa kamera, nikairudisha kwenye mfumo wa Amerika, nikamwelekezea yeye. Akafurahi. Mbuyi akiona kamera hunyoosha kola. Akasimama chini ya neon iliyozima, mahali pale pale lilipokuwa jeneza, akaanza hotuba. Yaya wangu aliondoka akiwa mzima. Tumeona wenyewe kwa macho. Familia haiwezi kulala na nyoka. Alikuwa anasema vizuri, nampa haki yake. Wanawake walianza kutikisa vichwa.

Mimi nilikuwa nasali. Sikusali kwa Mungu wa misa, nilisali kwa watu wa umeme.

Na umeme ukarudi katikati ya hotuba. Uani watoto wakapiga kelele, "Courant inarudia," vile vile, sauti zile zile. Neon ikapepesa, ikawaka juu ya kichwa cha Mbuyi. Yeye akaendelea kusema. Mimi nikaendelea kurekodi. Nilikuwa nimeshakiona kwenye kioo kidogo cha kamera.

Alipomaliza, mtu akafunua televisheni. Nikachomeka waya wa kamera kabla Mbuyi hajachomeka video yake. Nikasema, tuanze na hii.

Mbuyi akatokea mkubwa kwenye televisheni. Anasema nyoka. Watoto wanapiga kelele. Taa inawaka. Kivuli kinashuka juu ya uso wake, kutoka kwenye paji, kinapita macho, kinapita mdomo unaosema, kinaishia kwenye kola.

Watu wakageuka kutoka kwenye televisheni, wakamtazama yeye.

Mbuyi akapangusa uso wake. Wa kweli, si wa kwenye televisheni. Nilimwonea huruma wakati huo. Aliogopa kama mtoto.

Aliyesema kwanza ni Tantine Kapinga, dada mkubwa wa marehemu, ambaye siku zote za kilio hakufungua mdomo ila kwa kula.

"Ah, Mbuyi," akasema. "Kumbe na weye ulikufa, hatukuambiwa. Nani alikulya?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba. Kisha wengi.

Hapo nikaeleza. Umeme wa huku, kamera ya kule. Nikaweka kadi nyingine, nikabadilisha mfumo, nikamrekodi Mbuyi tena mahali pale pale, chini ya taa ile ile. Uso safi. Nikamrekodi Tantine kwa mfumo wa Amerika, kivuli. Kwa mfumo wa huku, hakuna. Akataka arudiwe, amekaa vizuri zaidi. Mwisho nikaweka video ya kilio, nikawaambia wasikilize watoto kabla hawajatazama kivuli. Walisikia. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe nilikiamini kwa miaka. Nilitaka kusema, nikaanza kukunja waya.

Tantine Kapinga akanyanyuka kwa shida, akauchukua ule mfuko kutoka kwa mtoto, akaurudisha chumbani. Hiyo ndiyo hukumu iliyotolewa. Mbuyi akakaa akala. Shangazi wengine wawili bado wananong'ona, na wataendelea. Wapo watu wataamini kivuli mpaka waingie kaburini.

Mama Odia alinisindikiza mpaka langoni. Nilidhani atanishukuru, nikaanza kujiandaa kusema si kitu. Alisimama, ameshika nguzo ya lango.

"Ile video, nilikuwa naiangalia ku simu, kwa kujificha," akasema. "Banasema nilimulya. Minye nilikuwa nazani njo yeye ananiaga."

Nikamwambia, mama.

"Kumbe ni taa tu."

"Ni taa tu, mama."

Akatingisha kichwa, akarudi ndani kwa watoto wake. Mimi nikasimama barabarani. Baiskeli zilikuwa zinapita na magunia ya makaa, mtu mmoja akanipigia kengele nisogee.

Jumanne, 11 Juni

Arusi moja, ubatizo mmoja. Mbuyi amepita studio, hakunisalimia, akarudi hatua chache akanisalimia. Kamera iko kwenye PAL. Nimeweka kipande cha plasta juu ya kitufe asije mtu akabadilisha.

Félix ametuma ujumbe. Amefikiria mwishowe. Anasema ile giza kwenye video ya Mama ni jambo lile lile, na kuna programu inayoweza kuisafisha. Nimtumie, atamfanya Mama awe safi.

Sijajibu.

Jumamosi, 15 Juni

Umeme upo tangu asubuhi. Mtaa umetulia, wengi wamekwenda sokoni.

Nimemjibu Félix. Nimemwambia hapana, aiache.

Kisha nikaitazama. Sikuwa nimeitazama tangu lile sufuria. Mama amelala. Blanketi la kijani. Anatazama mlango. Sasa najua kila kitu kinachotokea, najua taa, najua hesabu, hamsini na sitini. Nikamtazama Mama peke yake, sikukitazama kivuli.

Anasogea. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Anasogea kabla kivuli hakijafika usoni mwake. Hata kingekuwa kimefika asingekiona. Hakikuwemo chumbani, kilikuwemo kwenye kamera tu. Mama hakuona giza lolote. Alisogea upande wa ukuta, akaacha nafasi kitandani, akatazama ile nafasi.

Félix hajauliza kuhusu hilo. Nami sitamuuliza.

Nilizima kompyuta. Kiti changu cha studio ni kirefu, cha wateja, kinakaa watu watatu. Nilikuwa nimekaa katikati. Nikasogea.